Kabla Mizigo Haijapimwa: Ziara Zetu za Kuaga Ujiji



Mwezi huu, Mwenyezi Mungu akijaalia, sisi mume, mke na watoto watatu tunahama Ujiji kwenda kuishi Muscat, nchini Oman. Riziki imefunguka huko kwa njia ya kazi ya ukarani katika nyumba ya biashara inayohitaji mtu ajuaye Kiarabu na Kiswahili, na mkataba wake ni wa miaka miwili yenye kuongezwa. Kwa miezi miwili sasa tumekuwa na shughuli mbili tu: kufunga vitu na kuaga jamaa. Shughuli ya kwanza hupimwa kwa mizani. Ya pili mizani yake haiko duniani.

Tumeona tuiandike ziara hii kwa sababu familia nyingi za Kiislamu za pwani na za bara zinasafirisha vijana, kina mama na hata nyumba nzima kwenda Ghuba, Ulaya na Marekani. Habari za viza, tiketi na mishahara huulizwa kila baraza. Haki ambazo msafiri huziacha nyuma yake huulizwa kwa nadra, na aghalabu huulizwa baada ya ndege kuruka.

MJI ULIOZOEA KUFUNGA MIZIGO

Ujiji haushangazwi na msafiri. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwa kupitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu. Waarabu wa Oman na Waswahili wa mwambao walifika hapa na kujenga, wakachanganyika na Waha, Wamanyema na watu wa ng'ambo ya ziwa, na Uislamu ukaota mizizi. Kwa hiyo tunapokwenda Muscat tunaifuata kinyume njia iliyowaleta baadhi ya walimu wa babu zetu.

Mzigo wa mpagazi wa zama hizo ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Tiketi zetu zinaruhusu kilo 30 kwa kila abiria. Tulipolinganisha hesabu hizo tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa kuwa mpagazi aliubeba mzigo wa mwingine kwa miezi, na si wote walioubeba kwa hiari yao. Wapo waliofungwa minyororo wakapitishwa hapa hapa Ujiji kama bidhaa. Mwenye kufunga mzigo wake mwenyewe, kwa hiari yake, na watoto wake wakiwa kando yake, ana neema ya kushukuriwa.

Hata meli yetu kongwe ya Liemba ilifika Kigoma ikiwa mzigo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa kwa reli iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Ilishushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mzee mmoja wa msikitini kwetu hupenda kuutolea mfano mkasa huo. Husema kwamba anayeondoka na azitie grisi injini anazoziacha, kwani hajui atazihitaji lini.

Na mwaka 2015 tuliwaona kwa macho yetu waliofunga mizigo bila ya kupata nafasi ya kufunga. Wakimbizi wa Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, na Liemba hiyo hiyo ikawaleta Kigoma. Wengi walishuka na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Hawakumuaga mtu. Tangu siku hizo tumejua kuwa kuaga nako ni riziki, wengine hunyimwa.

KILO 150 ZA WATU WATANO

Tiketi tano ni kilo 150. Tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza dagaa wa Kibirizi, tukaitundika kwenye boriti ya ukumbi, na kwa siku tatu nyumba yetu ikawa kama ghala la bandari.

Vitabu vya chuoni ndivyo vilivyotushinda mwanzo. Tafsiri, fiqhi na sarufi, pamoja na madaftari ya miaka yote, vilipita kilo 60. Tulichagua misahafu miwili na vitabu vinne. Vilivyobaki tumevikabidhi madrasa ya mtaa kwa orodha iliyotiwa saini, baadhi kwa wakfu na baadhi kwa kuazima, maana mtoto wa kiume wa nyumba hii huenda akavitaka akikua. Cherehani imekwenda kwa mama mdogo, ambaye ameishi kwa kushona kwa kuazima. Kitanda na kabati tumeviuza. Nguo za watoto zilizowabana tumezigawa zikiwa zimefuliwa na kutiwa vifungo, kwa sababu sadaka ya nguo iliyochanika humpa mpokeaji kazi badala ya nguo.

Jamaa nao walikuja na vyao. Kila nyumba iliona kwamba Muscat hakuna chakula. Tuliletewa dagaa wa kukaushwa, migebuka ya moshi, unga wa muhogo, na mama akashika msimamo kwamba hatuondoki bila ya lita tano za mawese. Tukamweleza kwamba dumu likipasuka ndani ya ndege litaharibu hata mizigo ya watu wengine. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi chukueni lita moja, na hiyo muifunge kama mnavyomfunga mtoto mchanga." Lita hiyo imo, imefungwa mifuko mitatu na kanga moja kuukuu, katikati ya mashuka. Dagaa tumechukua kilo mbili. Vilivyobaki tulipika siku ya dua tukala pamoja na waliovileta.

Jambo moja katika kufunga linafaa kutajwa kwa kina mama. Mke wa nyumba hii alizitoa kanga zake zote, akazipanga kitandani, na kila moja akaitaja imetoka kwa nani: ya arusi, ya uzazi wa kwanza, ya msiba wa baba mkwe. Hakuweza kuchukua zote. Zile alizoziacha amewarudishia wenyewe waliompa, nyumba kwa nyumba, kwa maneno kwamba anawaachia amana watakayoitumia mpaka arudi. Hakuna aliyechukizwa. Mmoja aliivaa kanga hiyo siku ya pili, akaja nayo kutuonyesha.

ZIARA UPANDE WA KUKENI NA KUUMENI

Katika kupanga ziara tulijiwekea kanuni tatu. Kwanza, wazee wagonjwa watangulie. Pili, pande zote mbili zitembelewe kwa usawa, ili upande wa mke usionekane kuwa ni wa kupitia njiani. Tatu, kila tunapoingia tuulize, "Mna deni kwetu, au sisi tuna deni kwenu?" kabla ya kuletewa chai.

Bibi wa upande wa mke anaishi kijijini, kaskazini mwa hifadhi ya Gombe. Boti za mbao za abiria huondoka Kibirizi mchana, zimejaa magunia, kuku, mabati na watu, zikaenda pole pole kandokando ya milima. Tulipoipita Gombe tuliwasimulia watoto kwamba Jane Goodall alipofika pale mwezi Julai 1960 kuchunguza sokwe, hakufika peke yake. Wenye mamlaka hawakukubali binti akae msituni bila mwenziwe, na mamaye mzazi ndiye aliyekuja naye. Binti yetu wa miaka tisa akauliza mbona basi bibi zake hawaji nasi Muscat. Swali hilo halikupata jibu ndani ya boti.

Bibi alitupokea kwa utani. Mjukuu wake mdogo humwita "mume wangu", na alimtaka amwachie posho ya miaka miwili. Usiku alimwita mke wa nyumba hii faragha, akampa shanga na nasaha ambazo hazituhusu sisi wengine. Asubuhi alitushika mikono mmoja mmoja, akasema, "Nimewaridhia. Nanyi niridhieni, nilipowakemea na nilipowanyima." Tukamwambia, "Bibi, hukutunyima kitu." Akajibu, "Mtu hajui alichomnyima mwenziwe. Semeni tu mmeridhia." Tukasema tumeridhia. Mafundisho ya kuombana radhi tuliyoyasoma vitabuni tuliyaona hapo yakitendwa na mtu asiyepata kusoma kitabu.

KIWANJA KILICHOMEZWA NA ZIWA

Ziara iliyokuwa nzito ilikuwa ya karibu kabisa. Baba mkubwa anakaa Ujiji, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Shangazi ameolewa Mwanga, ambako daladala hufika upesi. Ndugu hawa wawili, waliozaliwa tumbo moja, hawakuwa wamesemezana kwa miaka saba.

Chanzo ni urithi wa babu. Bibi alitangulia kufariki, kisha babu akafariki na kuacha watoto watatu: baba mkubwa, marehemu baba yetu na shangazi. Aliacha kiwanja karibu na ufuko wa Ujiji na shamba la michikichi kwenye njia ya Simbo. Hakikugawiwa kitu. Baba mkubwa, akiwa ndiye mkubwa, alisimamia vyote. Na haki isemwe, kwa mavuno ya shamba hilo aliwasomesha watoto wa ndugu zake na kumuuguza baba yetu mpaka mwisho. Shangazi alipotaka fungu lake aliambiwa kwamba yeye ana mume na kwao kwa mume ndiko kwake. Alijibu neno moja ambalo mji wote umelisikia: "Mimi nami nilizaliwa na baba huyo huyo." Tangu siku hiyo hakuvuka kizingiti cha kaka yake.

Sasa tazameni hekima ya Mola. Ziwa Tanganyika hupokea maji ya mito mingi, lakini mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi miaka mfululizo, maji hupanda. Kuanzia miaka ya karibu na 2020 yalipanda hata yakaingia nyumba za ufukoni na kufunika maeneo ya kushukia boti. Zaidi ya nusu ya kiwanja kilichowatenga ndugu hawa iko majini; watoto huvulia dagaa mahali ambapo ugomvi ulianzia. Na wenye kuzijua habari za zamani husema kwamba karne ya 19 ziwa lilikuwa juu kuliko leo. Baada ya Lukuga kufunguka mwaka 1878 maji yakashuka kwa mita kadhaa na ufuko ukaongezeka. Yaani sehemu ya ardhi ya ufukoni tunayogombea ilikuwa ziwa kabla ya kuwa mali, na imerudi kuwa ziwa.

Kiwanja kimezama, lakini uhasama ulibaki nchi kavu. Nasi tulikuwa tunaondoka. Tungefanya dua mbili za safari, moja Ujiji na moja Mwanga, kama jamaa walivyotushauri ili kuepusha aibu? Tuliketi, mume na mke na mama, tukakubaliana kwamba dua itakuwa moja, nyumbani kwetu, na wote wawili wataalikwa kwa mdomo wetu wenyewe.

Shangazi alipoambiwa alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wanangu, nitakuja kwa ajili yenu. Lakini msinipakate kwa maneno matamu mkaniambia nisamehe tu. Nimesamehe mangapi?" Baba mkubwa naye alisema, "Sijala haki ya mtu. Nimelea nyumba ya marehemu." Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

FARAIDHI CHINI YA MICHIKICHI

Siku ya dua walikuja, baada ya swala ya Alasiri. Shangazi aliingia kwa mlango wa uani akaketi ndani na kina mama. Baba mkubwa alikaa barazani. Baada ya chakula sheikh wa mtaa, ambaye tulimweleza mapema, aliomba ruhusa ya wazee azungumze juu ya mirathi, akiwa baina ya ukumbi na chumba cha ndani ili asikike pande zote.

Alianza kwa kumshukuru baba mkubwa mbele ya wote kwa ulezi wake, akataja kila mtoto aliyesomeshwa. Kisha akasema kwamba wema una malipo yake kwa Mwenyezi Mungu, nao haubatilishi fungu la mtu. Kwamba Suratun-Nisaa imewataja wanaume na wanawake kuwa wote wana fungu katika walichoacha wazazi, kiwe kichache au kingi. Na kwamba ndoa ya mwanamke haimtoi katika urithi wa baba yake. Aliyetumia mali ya warithi kwa maslahi ya warithi ana haki ya kutoa hesabu yake, lakini hana haki ya kuzuia. Baba mkubwa aliinamisha kichwa. Baada ya muda akasema, "Jumamosi twende shambani."

Chuoni tulifundishwa elimu ya faraidhi kwa mifano ya Zaidi na Amri, watu wasiokuwapo, wenye ngamia wasioonekana. Jumamosi ile tuliikuta faraidhi imesimama kwa mizizi. Tulihesabu michikichi 120 izaayo. Watoto wa babu ni wawili wa kiume na mmoja wa kike, na mwanamume ana mafungu mawili kwa moja la mwanamke. Mafungu ni matano, na fungu moja ni michikichi 24. Baba mkubwa akapata 48, marehemu baba 48, shangazi 24. Miti 48 ya baba nayo ikagawiwa warithi wake: mama thumni, ambayo ni miti sita, na 42 iliyobaki ikawa 28 ya mtoto wa kiume na 14 ya dada yetu. Ardhi ilifuata hesabu hiyo hiyo, na mahali pa kila mmoja pakaamuliwa kwa kura. Tulipaka chokaa kwenye mashina. Shangazi alikataa kukaa kivulini. Alitembea na fimbo yake akaigusa miti yake mmoja mmoja, 24, midomo ikihesabu.

Likabaki suala la mavuno ya miaka iliyopita. Sheikh alimuuliza. Akajibu, "Ya nyuma namwachia Mungu na yeye. Ya mbele nataka yaandikwe." Yakaandikwa, pamoja na kiwanja cha ufukoni, nacho kwa mafungu matano, maji yatakapokirudisha. Mashahidi walitia saini, nakala zikatolewa kwa kila mrithi, na jamaa wamekubaliana kulifikisha jambo hilo Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa sheria za nchi yetu husikiliza mirathi ya Kiislamu, ili msimamizi atambuliwe rasmi. Miti 28 iliyotuangukia sisi tumeiandikia kwamba mavuno yake, muda wote tutakapokuwa ugenini, ni ya mama kwa matumizi yake, na dada ndiye atakayeyasimamia.

Hatutawaambia wasomaji kwamba ndugu wale walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Lakini wiki iliyofuata baba mkubwa alimpeleka kijana Mwanga na galoni la mawese, bila ya ujumbe wowote. Shangazi alilipokea. Na kwa kuwa kwetu chombo hakirudi kitupu, siku ya tatu galoni lilirudi Ujiji limejaa dagaa. Juzi limekwenda tena.

AMANA ZA MSIKITI

Ukatibu wa kamati ya msikiti tuliushika kwa miaka sita, nao pia ulikuwa na mzigo wa kufungwa. Hapa tutakuwa wafupi. Tulikabidhi mbele ya kamati nzima: daftari la mikutano, stakabadhi za michango, orodha ya mazulia na vyombo vya maiti, funguo, na majina ya wenye kutia saini benki, jina letu likiwa limeondolewa. Katika kabati mlikuwa na bahasha mbili za watu binafsi walioziweka amana. Tuliwaita wenyewe, tukawakabidhi mkononi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni. Inatosha hiyo kumjulisha muumini kwamba karatasi na kalamu ni sehemu ya dini yake.

Wasia wetu nao tumeuandika. Mwenye mali hana ruhusa ya kuusia zaidi ya theluthi, wala kumwusia mrithi. Kwa hiyo wasia wetu ni mfupi, na sehemu yake kubwa ni madeni na nani awalee watoto tukifikwa na amri ya Mungu njiani. Kuna jamaa waliotusihi tusiuandike, wakiona ni kujitabiria mauti. Mauti hayangoji karatasi. Warithi ndio wanaoingoja.

NENO LA MAMA

Tumeliacha mwisho lililo zito kwetu. Mama amepita miaka 70. Haji Muscat, amesema hawezi kuliacha kaburi la baba wala kisima chake. Dada yetu amehamia kwake, na mipango ya dawa na matumizi imekwisha kupangwa. Usiku mmoja, tulipokuwa tukifunga masanduku, alituita wote wawili akatukalisha mkekani.

"Nikifa," alisema, "msiniweke."

Tukataka kumkatiza. Akainua mkono.

"Nisikilizeni. Kutoka huko mpaka Dar ni ndege, na kutoka Dar mpaka hapa ni treni au basi au ndege nyingine. Watu watasema mama asubiri, mwanawe yuko njiani. Mimi sitaki kusubiri. Mtume ametufundisha kuharakisha jeneza. Nizikwe siku hiyo hiyo. Nyinyi niswalieni huko huko mliko, kisha mje mnapoweza, mtanikuta mahali pangu."

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanaijuzisha swala ya maiti aliye mbali, na hukumu hiyo tuliwahi kuijibia mtihani. Usiku ule hatukuwa na jibu la mtihani. Mke wa nyumba hii alilia kwanza. Mama akamwambia, "Wewe ndiye utakayemkumbusha mwenzio asisumbue watu kwa simu wakati wa kuniosha." Tulimwahidi. Ahadi hiyo tumeiingiza katika maandishi, chini ya madeni, kwa kuwa ni deni.

Ndiyo maana baada ya swala ya Alfajiri, kila siku iliyobaki, tunakwenda kwake sote watano, tunaketi naye mpaka jua linapochomoza. Hatuna la kuzungumza kila siku. Yeye huchambua mchele, watoto husinzia mapajani mwake.

NASAHA KWA WENYE SAFARI

Kwa familia zinazojiandaa kuhama, tunatoa haya kwa unyenyekevu. Anzeni kuaga miezi miwili kabla, maana ziara ya kuaga iliyofanywa kwa siku moja ni ya kupeana mikono tu. Ulizeni madeni kabla ya chai. Wenye mirathi isiyogawiwa, igaweni wakati warithi wote wako mahali pamoja na wanaweza kuonana uso kwa uso; mrithi akiwa ng'ambo, fungu la mwanamke na la yatima ndilo hupotea mwanzo. Msimfanye mlezi wa mali kuwa mwizi kabla hamjamshukuru, wala msimwombe aliyedhulumiwa asamehe kabla hamjamtajia haki yake. Mtu aliyewakatia udugu ndiye anayestahili kutembelewa mapema. Kumtembelea anayetutembelea ni kulipana tu. Na mzee akitaka kusema juu ya kifo chake, mwacheni aseme, kisha andikeni.

Treni yetu ya kwenda Dar es Salaam inaondoka wiki ijayo. Masanduku yamepimwa, moja limezidi kwa kilo moja na nusu, na bado hatujakubaliana ni kitu gani kitoke. Mama anasema kisiwe mawese.

Tunawaomba wasomaji dua ya safari njema, na kwa yeyote tuliyemkosea katika miaka ya utumishi wetu msikitini, tunaomba radhi yake. Nasi tumewaridhia wote.

Wabillahi tawfiq.